Takosi za baga: chapati iwe nyembamba, nyama ibandikwe mbichi

Mheshimiwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi tunausoma, ila "nyama kiasi" na "unga wa kutosha" havimsaidii mtu wa Goma anayefika nyumbani jioni na kukuta watoto wana njaa. Tunaomba mchapishe vipimo. Kwa kuanzia, hivi hapa vya takosi za baga, yaani chapati nyembamba inayobandikwa nyama ya kusaga, ikakaangwa na kukunjwa, za watu wanne, juu ya mbabula (jiko la makaa) ya kawaida. Hatusemi zile za Kifaransa, zinazofungwa kama bahasha na chipsi ndani.

Chapati: unga wa ngano gramu 250, maji ya uvuguvugu mililita 130, mafuta vijiko viwili vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai. Kanda dakika nane, funika nusu saa, kata madonge manane, kila moja lisukumwe hadi sentimita 16. Usiikunje ipate tabaka, zitaachana nyama ikianza kujivuta. Kila upande sekunde 30 tu, ibaki nyeupe, maana itarudi motoni. Chapati nene za kununua haziwezi kazi hii: hukatika ukizikunja.

Nyama ndiyo inayowashinda wengi. Omba mwuza nyama akusagie bega la ng'ombe gramu 560, mafuta yakiwa sehemu moja kati ya tano. Nyama isiyo na mafuta hukauka na kung'ang'ania kikaango. Usiikande na chumvi wala kitunguu. Chumvi ikikandwa ndani huifanya ishikane na kuwa ngumu mithili ya soseji, na kitunguu huachia maji. Tandaza gramu 70 juu ya kila chapati hadi ukingoni kabisa, hata ipite kidogo, kwa kuwa itasinyaa. Chumvi na pilipili manga nyunyiza juu dakika ya mwisho.

Makala (makaa) ya mbabula yawe mekundu, yasitoe moshi. Kikaango cha chuma kizito ni bora. Cha alumini nyepesi hupoa nyama ikiingia, ikachemka kwenye maji yake na kuwa ya kijivu. Tone la maji likirukaruka, laza takosi, nyama ikiwa chini, bila mafuta. Kandamiza kwa mfuniko bapa sekunde kumi, kisha iache. Ukiigeuza mapema itabaki kikaangoni. Ikishapata ganda la kahawia, huachia yenyewe, dakika mbili na nusu hivi. Hakikisha hakuna wekundu: kwenye nyama ya kusaga vijidudu vya juu huwa vimeshaingia ndani.

Geuza, weka gramu 20 za fromaji (jibini) ya Masisi iliyokwaruzwa, funika dakika moja. Chagua ile changa na laini. Iliyokomaa ikakauka huachana, mafuta huku, chembechembe kule.

Mchuzi: mayonezi vijiko vinne, ketchapu viwili, haradali kimoja. Juu yake kabichi iliyokatwa nyembamba na kukaushwa vizuri, pamoja na matango yaliyolowa dakika 20 katika siki na maji nusu kwa nusu. Kunja ikiwa ya moto, ikipoa, hupasuka.

Unga ukandwe asubuhi ukitaka. Nyama inunuliwe siku hiyohiyo, ya kutosha tu. Iliyosagwa hailali nje ya friji.

Wapishi wawili,
Himbi, Goma