Gavana umeichomoa mwenyewe, konrodi unanidai mimi

Wiki hii nimepokea tena ile meseji, ya tatu tangu msimu wa mashindano ya kuvuta kwa trekta uanze, na maneno ni yale yale utadhani wanapeana: fundi umenila hela, trekta haijafika hata nusu ya uwanja injini imekufa. Nikamwambia ilete. Akaileta. Nafungua nati ya kumwagia oili, inatoka nyeusi ina vipande vya alumini vinameremeta ndani, na ubavuni mwa bloku kuna tundu vidole vitatu vinapita bila shida. Sikuhangaika hata na heda, kile kifuniko cha juu cha silinda, nilienda moja kwa moja kuangalia springi ya gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi. Haipo. Mahali pake pamefungwa waya wa kawaida, umevutwa mpaka mwisho na kusokotwa kwa koleo, vizuri kabisa, yaani mtu katulia akaufanya.

Nikamuuliza huu waya nani kaweka. Eti "sijui, labda ulikuja hivyo."

Basi nimeona niandike mara moja, manake kueleza mtu mmoja mmoja kwenye simu nimechoka. Kazi yetu ni kuandaa trekta ndogo za bustani, hizi hizi zilizotengenezwa kwa kukatia majani, ziingie kwenye mashindano ya kuvuta. Kwa ambaye hajawahi kuona, unafungwa nyuma na sledi, tela kubwa lenye sanduku la uzito, na kadiri unavyovuta lile sanduku linasogea mbele na sahani ya sledi inazidi kukandamiza udongo, kwa hiyo mwanzo unaona rahisi unacheka, mbele huko ndo unagundua umefunga mlima. Anayefika mbali zaidi kashinda. Mwendokasi haupimwi, inapimwa mita. Hili watu wanalisikia wanaitikia kwa kichwa halafu wanarudi nyumbani kutafuta raundi, yaani injini izunguke haraka zaidi.

Hebu tuanze na raundi basi. Injini nyingi tunazopokea ni zile Kohler za silinda moja, K301 ya farasi 12, K321 ya 14, K341 ya 16, bloku ya chuma cha kumimina, injini za heshima kweli. Kiwandani gavana imewekwa zisipite mizunguko 3,600 kwa dakika, na haikuwekwa hivyo kwa kukuonea. Ndani kuna konrodi ya alumini, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti inayozunguka. Nguvu inayoivuta pistoni inapogeuka juu haipandi sawasawa na raundi, inapanda kwa mraba wake, yaani ukitoka 3,600 ukaenda 5,000 umeongeza raundi kwa theluthi na kitu tu lakini konrodi inabeba karibu mara mbili. Ukifika 7,200 ni mara nne. Na chini ya hiyo konrodi kuna kakijiko kadogo kanachota oili na kuirusha juu, hiyo ndo pampu yako, nyingine hakuna! Sasa wewe umetoa gavana, oili uko chini ya alama, pua ya trekta imeinuka oili yote imekimbilia nyuma, kakijiko kanachota hewa. Halafu unasema fundi kakula hela.

Na konrodi ndo afadhali, inatoboa bloku unapata hasara basi. Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ya kiwandani ni chuma cha kumimina, ikizungushwa kupita uwezo wake inapasuka, na vipande vinatoka kama risasi huku wewe umekaa nyuma yake na magoti yako pale pale. Anayetaka raundi za juu kweli nitamfanyia, sikatai, ila itakuwa konrodi ya kuchongwa kutoka kwenye chuma au alumini nzito, flaiwili ya kuchongwa siyo ya kumimina, kinga ya chuma kuizunguka, springi za vali ngumu zaidi, na daraja la mashindano linaloruhusu vitu hivyo. Ndo hapo bei inapanda na ndo hapo watu wananikatia simu, jioni wanatafuta waya.

Lakini kinachoniuma zaidi siyo hiyo injini. Kinachoniuma ni kwamba asilimia kubwa ya trekta zinazoshindwa hazishindwi kwa injini. Kuna jamaa alikuja na K301 haijaguswa kitu, tukaipimia tepeti tu, ile nafasi ndogo ya vali, za kuingizia 0.008 mpaka 0.010 ya inchi na za kutolea moshi 0.017 mpaka 0.020, injini ikiwa baridi, tukaweka moto wa plagi upige digrii 20 kabla ya pistoni kufika juu kama kitabu kinavyosema, tukasafisha kabureta. Hiyo ndo kazi yote ya injini. Siku mbili nzima zilizobaki tulikuwa nyuma ya trekta kwenye ndoano na matairi. Akawapita watu waliokuja na mashine zinalia mpaka unaziba masikio.

Ndoano sasa. Hapa wateja wananiona nawaibia, eti chuma kimoja na tundu unanitoza kazi ya siku. Klabu nyingi zinaweka kikomo cha urefu wa ndoano kutoka chini karibu inchi 13, kama sentimita 33, wewe soma kitabu cha sheria cha kwenu kabla hujanipigia. Chukua trekta ya daraja la paundi 1,050, hapo ni pamoja na dereva, karibu kilo 476. Tuseme robo ya huo uzito iko mbele, kilo 120 hivi, na kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni sentimita 110. Sledi ikikukaba kwa nguvu ya kilo 300 kwenye ndoano ya sentimita 33, inahamisha kilo 90 kutoka mbele kwenda nyuma. Safi, hiyo ndo tunaitafuta, nyuma panakandamizwa tairi linashika, na mbele bado una kilo 30 za kukuwezesha kukata usukani. Sasa mjuaji kachomelea kipande kapandisha ndoano mpaka sentimita 44. Hesabu ile ile inakuwa kilo 120. Mbele imebaki sifuri! Trekta inasimama kama farasi, inakaa kwenye vile viguu vya nyuma vya kuzuia isipinduke, tairi linapungukiwa uzito, linaanza kusaga udongo, kwisha habari. Na hapo ni kama wapimaji hawajakufukuza kabla hujawasha.

Ndo maana ndoano naipima dereva akiwa amekaa, uzito wote umefungwa, matairi yakiwa na upepo ule ule wa siku ya shindano. Mwaka juzi nilimpimia mtu pale pale kwenye kikomo, matairi yana psi 8. Usiku wa kuamkia shindano kaona matairi yamelegea, kayahurumia, kajaza mpaka 20. Trekta ikapanda. Asubuhi ukaguzi ukamtoa, akanipigia akinitukana kwamba sijui hata kutumia futi. Nikamwambia toa upepo bwana. Kimya. Baadaye nasikia aliingia na akavuta vizuri tu, ila samahani mpaka leo sijaipata.

Kwenye matairi hapo hapo, yale ya nyasi yaliyokuja na trekta ni mazuri kwa nyasi. Ya kuvutia ni yenye meno ya shambani, saizi kama 23x10.50-12, na wengine wanayakata meno makali kwa kisu cha moto, kazi ya masaa na ukiikosea umeharibu tairi zima. Upepo mdogo unalifanya lilale na kushika eneo kubwa, ila lina tabia ya kuteleza ndani ya rimu, rimu inazunguka tairi limebaki linashangaa. Tunapiga skurubu fupi ubavuni mwa rimu zishike ukingo wa tairi. Skurubu FUPI. Kuna aliyeona hii akaenda kufanya mwenyewe na skurubu za mbao, akatoboa tyubu zote mbili, akaniletea nizibe.

Gia sitasema mengi. Kama trekta yako ni ya haidrostati, ile ya kwenda kwa msukumo wa mafuta bila kubadili gia, tafuta nyingine, inakula nguvu yako na ikipata moto inalegea. Ya mkanda inaweza kuvuta ila mkanda utateleza siku unayoihitaji. Zile Cub Cadet za zamani, International Harvester walianza kuzitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zinapendwa kwa sababu nyingi zina shafti kutoka injini mpaka gia boksi ya chuma cha kumimina, katikati klachi, hakuna mkanda. Klachi yenyewe lazima ibadilishwe springi iwe ngumu. Usiniletee iliyochomelewa.

Uzito nao. Mtu ananunua vyuma anavirundika vyote mbele kwenye pua, mwingine vyote nyuma, wote wawili nawauliza mlipima? Hawajapima. Sisi tunaweka mizani mbele na nyuma, dereva kakaa, tunahamisha kipande kimoja kimoja. Ni kazi ya kuchosha haina cha kuonyesha mwisho wake, mteja akija anaona vyuma vile vile vimekaa kwingine anauliza nimelipia nini. Umelipia mahali vilipokaa! Na boliti zake, manake chuma kikidondoka katikati ya mvuto wanakutoa, na kikimdondokea mtu mguuni ni habari nyingine kabisa.

Swichi ya kukata moto ile ya nyuma, yenye pini na kamba inayofungwa kwenye sledi, sifanyi mjadala. Cheni ikikatika trekta ikachomoka, pini inatoka injini inazima. Nimeshaona mtu kaziba waya zake akafunga pini kwa kamba ya kiatu ili ipite ukaguzi tu, eti ilikuwa inamzimia njiani. Ilikuwa inamzimia kwa sababu waya ulikuwa unagusa chesisi, kazi ya dakika kumi. Huyo nilimrudishia hela yake nikamwambia aondoke na trekta yake, na sijutii.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mimi ni ghali kuliko jirani anayefunga injini jioni moja, jibu ni masaa. Kranki napima kwa maikromita sehemu kadhaa kabla sijaamua kama inachongwa au inabaki. Vali nasaga kwa mkono. Injini ikishawaka naiacha ipate moto, naizima, nakaza tena boliti za heda, napima tena. Yule jirani naye ni rafiki yangu, ananiletea kazi zake zikimshinda, sasa sijui hapo nani ni ghali.

Kuanzia sasa nafunga springi ya gavana kwa lakiri ya risasi, ile ya kubana na koleo kama kwenye mita, na napiga picha mbele yako kabla hujaondoka. Ikirudi risasi iko nzima na konrodi imevunjika, natengeneza bure, konrodi, gaskit, kazi, kila kitu. Ikirudi imekatwa tutaongea bei kama watu wazima. Ukija lete kitabu cha sheria cha daraja lako, lete vyuma vyote, na uje na dereva mwenyewe, siyo mdogo wake aliye mwembamba.

Na wewe wa ile K321 yenye tundu, bloku yako iko chini ya benchi langu, nimeshajigonga nayo mguu mara mbili. Njoo uichukue, na waya wako nimekuwekea ndani.