Nakala ya kitambulisho chako huenda wapi ukishatoka dukani?

Wateja wa duka letu la kompyuta na uchapishaji hapa Kondele, Kisumu, huja na shughuli za kila aina: ritani za KRA (mamlaka ya kodi), mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cheti cha mwenendo mwema, mambo ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali). Ili kazi iende haraka, mtu hutukabidhi kila kitu: kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya simu, hata nywila ameiandika nyuma ya risiti. Ni wachache wanaouliza vitu hivyo hubaki wapi wao wakienda zao.

Uliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuzisahihisha zikiwa na kosa, na kutaka zifutwe kama hazihitajiki tena. Wenye maduka wengi huchukulia kwamba sheria hii ni ya mabenki na kampuni za simu. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, afisa anayesimamia sheria hii, isipokuwa iwe kwenye sekta kama afya, elimu au huduma za kifedha. Lakini kutosajiliwa hakuondoi wajibu wa kulinda habari za mteja. Wajibu huo ni wetu sote.

Linalotukera zaidi ni karatasi. Nakala ikitoka imefifia, inatupwa kando na nyingine inatolewa. Ile mbovu ina uso wako, sahihi yako na nambari yako, na si ajabu kuikuta sokoni imefungiwa mandazi. Kwetu inachanwa mbele yako kabla hujalipa. Ukiona imewekwa kwenye rundo la karatasi za kutumia upande wa pili, idai.

Nywila utaiandika mwenyewe kwenye kibodi, sisi tukitazama pembeni. Kompyuta zetu haziruhusiwi kuikumbuka, na hatuiachi akaunti yako ikiwa wazi ukishamaliza. Faili unazotutumia kwa WhatsApp ili tuzichapishe hufutwa jioni ya siku hiyo hiyo. Ukitaka tukuwekee wasifu wako wa kazi kwa ajili ya wiki ijayo, sema, nasi tutakuwekea huo tu. Namba yako ya simu hatuitumii kukutangazia ofa kama hukukubali.

Picha nazo zina uzito wake. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ruhusa ya wazazi. Kwa hiyo hutaona sura ya mteja kwenye ukurasa wetu wa Facebook kama hajakubali.

Kompyuta ikiibwa au akaunti ikidukuliwa, na kuna hatari kwamba utadhurika, sheria inatutaka tumjulishe Kamishna ndani ya saa 72, na wewe pia uambiwe. Ukihisi duka lolote, letu likiwemo, limetumia habari zako vibaya, peleka malalamishi kwa ofisi ya Kamishna. Hulipi chochote, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.