Nirudishie ile kanda

Mombasa, Jumapili usiku

Yakhe Salim,

Salamu nyingi. Kimya chako nimekisamehe, maana changu kirefu zaidi. Huku wazima, mama miguu tu. Kipara kaoa tena, usiniulize.

Nakuandikia kwa sababu ya ndugu yangu Athumani. Juzi tumetoka kupiga harusi Likoni, tuko kwenye feri, akaniambia mwezi ujao ahamia Nairobi. Peke yake. Gitaa kalikumbatia kifuani, atazama maji, mie hanitazami. Miaka kumi na minne twagawana pesa nusu kwa nusu, leo aniambia watu husikia solo yangu tu, rithimu yake hawaijui ipo!

Nikamtolea hadithi ya baba, ya akina Kinyonga. Wilson na George, ndugu wawili, watoka Tanga na bendi ya Jamhuri Jazz, wakenda Arusha, 1971 wakaingia hapa kwetu wakaanzisha Simba Wanyika, halafu ndiyo wakapanda Nairobi. Lakini walipanda pamoja, Salim! Naye, mjinga yule, hakukawia: "Na Omar Shabani je?" Ati mpiga rithimu wao alijitoa 1978 na wenziwe, wakaunda Les Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa" mpaka leo yaimbwa hata na watoto. Nikanyamaza. Wale hawakuwa ndugu wa tumbo moja, ila jibu hilo lilinijia nishavua viatu nyumbani, kama kawaida yangu.

Ndipo nikaikumbuka kanda. Ile ya baba ya Simba Wanyika, kibandiko kimechanika, ikinasa twaizungusha kwa penseli. Upande wa pili kuna pale magitaa yajibizana, ukiondoa rithimu solo haina pa kukanyaga. Nataka aisikize pale, nami nimekaa kando yake, basi. George alifariki 1992, Wilson akamfuata 1995. Hilo sikumwambia, ningelia mbele ya abiria.

Na hizo nusu kwa nusu... mara mbili hivi nilitoa ya nyuzi kwanza. Labda tatu.

Sasa, kanda unayo bado? Au ulimpa shemeji yako, yule asiyerudisha kitu? Waweza kuileta kabla mwezi haujaisha? Yeye hukusikiza wewe, utampigia simu? Na ukimpigia, utamwambia abaki au aende? Niambie mie kwanza.

Ndugu yako,
Hamisi