Sisi ambao kazi yetu ni kufungua viambatisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyetushauri tubadilishe programu ya barua pepe, na tusifungue kamwe kiambatisho cha mtu tusiyemjua. Nakubaliana naye nusu.

Mimi ni karani wa mahesabu. Ankara huniletea watu ambao sijapata kuwaona, na nisipozifungua hawalipwi. Ushauri wa "usifungue" labda unamfaa mstaafu anayesubiri salamu za wajukuu.

Isitoshe, virusi vilivyotikisa dunia havikuja kwa jina la mgeni. Melissa, mwaka 1999, ilikuwa hati ya Word yenye makro, yaani maagizo yaliyofichwa ndani ya hati ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe. Ukiifungua, inaingia kwenye Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, na kujituma kwa anwani 50 za mwanzo. ILOVEYOU ya Mei 2000 haikubagua, ilijituma kwa kila aliyemo kwenye orodha ya anwani. Maana yake waliopata kirusi walikipata kutoka kwa bosi, shemeji au mwenzao wa ofisini. Emotet, programu haribifu ambayo polisi wa nchi kadhaa waliizima Januari 2021 (ikafufuka kabla mwaka haujaisha), ilikuwa ikiiba barua za zamani na kujibu humohumo, chini ya maneno uliyoyaandika mwenyewe. Hapo "unayemjua" anakulinda na nini?

Kuhusu programu, mwenzangu ana hoja. Mwaka huohuo wa 1999 kilitokea kirusi BubbleBoy, ambacho hakikuhitaji kiambatisho: kwenye Outlook Express, kuichungulia barua tu kulitosha. Waliokuwa wakitumia programu nyingine za barua pepe, kama Eudora au Pegasus Mail, walipumua. Lakini aliyebofya ILOVEYOU ndani ya Eudora, kwenye Windows, picha zake ziliharibiwa vilevile. Nafuu yake ni kwamba hakuwatumia marafiki balaa hilo kwa barua pepe. Faili lenyewe liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na Windows kwa desturi yake ilificha zile herufi tatu za mwisho, ambazo ndizo zinazosema kuwa faili ni programu. Mtu akaona TXT, akadhani ni maandishi matupu. Hapo programu ya barua haina lawama peke yake.

Kwa hiyo mimi sichagui programu kwa umaarufu wa jina lake. Nataka inionyeshe anwani kamili ya mtumaji, maana jina yeyote anaweza kujiandikia. Nataka jina zima la faili, mpaka mwisho. Nataka niweze kuitazama ankara ndani ya kivinjari bila kuipakua kwenye kompyuta. Na makro zibaki zimefungwa. Microsoft yenyewe ilianza mwaka 2022 kuzizuia katika hati zinazotoka kwenye intaneti, miaka zaidi ya 20 baada ya Melissa!

Gmail nayo inakataa faili za .exe, yaani za programu, na tangu Februari 2017 hata za .js, ambazo nazo hubeba maagizo ya kutekelezwa, ziwe ndani ya zip (faili lililobanwa) au nje. Ni vizuri. Ila zip iliyofungwa kwa nenosiri, kikagua virusi hakiwezi kuona kilichomo, na nenosiri lenyewe utalikuta limeandikwa kwenye barua ileile. Nani hufunga mlango kisha akauacha ufunguo kwenye kitasa? Nikiiona ya namna hiyo nampigia simu mtumaji, kwa namba iliyo kwenye jalada letu, si ile iliyo chini ya barua. Wengine hukasirika kwamba nawachelewesha. Wakasirike.

Linaloniudhi zaidi ni programu za simu. Nyingi zinaonyesha jina tu, na anwani mpaka uibonyeze uitafute, wakati barua nyingi siku hizi tunazisoma tukiwa njiani. Na ofisi zinapochagua programu, watu wa TEHAMA hukaa na mkurugenzi wakajadili gharama na nafasi ya kuhifadhi. Waiteni na makarani kwenye kikao hicho, mtuulize tunaona nini kwenye skrini kabla hatujabofya.

Karani wa mahesabu