Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: waliopatwa na kiharusi waulizwe pia kuhusu sonona

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mfiziotherapia. Mgonjwa wa kiharusi akija kliniki hupimwa presha na sukari, huandikiwa dawa na kupangiwa tarehe ya kurudi. Kama bado anatamani kuishi, haulizwi. Hayo huyasema kwetu, chumba cha mazoezi, tukiwa tumeushika mkono uliopooza na hakuna foleni nyuma yake: "Nimekuwa mzigo." "Bora Mungu angenichukua siku ileile."

Kauli hizo tumezoea kuziita kukata tamaa, tukamwambia mgonjwa amshukuru Mungu kwa uhai. Mara nyingi ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa. Takribani theluthi moja ya wanaonusurika kiharusi huupata. Ubongo uliojeruhiwa wenyewe huchangia, na nyumbani nako kuna yake: mama aliyekuwa mweka hazina wa kikoba sasa anabadilishwa nepi na mkwewe, fundi ujenzi hawezi kumwita mwanawe kwa jina, ingawa analijua. Hatari ya kujiua kwa watu hawa ni kubwa kuliko kwa wengine, hasa katika miaka miwili ya mwanzo, na zaidi kwa wenye umri mdogo.

Tena mwenye sonona huacha mazoezi, kisha huacha dawa za presha. Hapo kiharusi cha pili kinakuwa karibu. Familia humwona mvivu, au husema karogwa.

Mheshimiwa, sonona inatibika, kwa dawa na kwa ushauri nasaha. Ninaloomba ni kwamba kila mgonjwa wa kiharusi aulizwe kabla ya kuruhusiwa, na kila anaporudi kliniki. Dodoso fupi la maswali tisa lipo, limekwisha kufanyiwa utafiti kwa Kiswahili, na swali la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua kwa kuulizwa. Aliyepoteza usemi asirukwe: anayemuuguza aulizwe pembeni kama mgonjwa hapati usingizi, hataki kula, analia, au amewakataa wageni. Na huyo anayeuguza naye aulizwe habari zake, maana mara nyingi ni binti au mke asiyepata usingizi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe haya, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wetu hawana nauli ya kurudi hospitali.

Limebaki moja, gumu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Ndugu wakikijua huficha. Mgonjwa akikijua hunyamaza, na dodoso letu linarudi na majibu ya uongo. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hii Januari 2025. Ghana walikifuta kwa sheria mwaka 2023. Najua sheria hii iko kwa mwenzako wa Katiba na Sheria, lakini wagonjwa ni wako. Nenda ukawasemee.

Na wewe msomaji unayeyapitia haya, au unayemuuguza anayeyapitia: mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, akufikishe kituo cha afya kilicho karibu. Usibaki peke yako.

Wako katika kazi,
Mfiziotherapia, hospitali ya mkoa