Kitabu cha wageni cha mtandaoni ni bure, lakini kinataka mwenyeji

Ukiingia ofisi ya kijiji, shule au zahanati yoyote hapa kwetu, kabla hujaeleza shida yako utasogezewa daftari kubwa lililopigwa mistari: tarehe, jina, utokako, shughuli, sahihi. Tumelizoea mpaka hatulioni. Kwa hiyo mteja akija dukani akasema anataka kitabu cha wageni cha mtandaoni, "kile cha bure", hatupati taabu ya kuelewana. Ni daftari lile lile, ila limewekwa mahali ambapo mtu aliyeko Muscat au Toronto anaweza kulifungua, akaandika jina lake na alipo, akaacha maneno mawili matatu kwa watu wa kwao.

Sisi ni duka la mtaani hapa Tanga. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, na pembeni tunatengeneza tovuti ndogo ndogo za shule, misikiti na vyama vya watu waliotoka sehemu moja. Hao wa vyama ndio wanaokipenda kitabu cha wageni kuliko wote, na ndio wanaorudi baada ya miezi mitatu wakiwa wamenuna. Tumeona tuyaseme yote hapa mapema, ili ukija uwe umeshajua unachokitaka.

Swali la kwanza huwa ni hili: mbona tuna grupu la WhatsApp? Liacheni liendelee. Grupu ni baraza. Maneno yake ni ya leo, na kesho yameshafukiwa na picha za maua za "asubuhi njema". Kila aliyemo anaiona namba yako ya simu, wengine wakiwa watu usiowajua hata kwa sura, na lina kikomo chake, watu 1,024. Lakini hilo la kikomo si kubwa. Kubwa ni kwamba mtu haingii mpaka aliyemo amwingize au amtumie linki. Sasa fikiria kijana aliyezaliwa Oman, babu yake alitoka Pangani, na hana hata namba moja ya simu ya huko. Nani atamwongeza kwenye grupu? Huyo atakachofanya ni kuandika jina la mji na jina la ukoo kwenye Google usiku mmoja akiwa amelala kifudifudi na simu yake. Kitabu cha wageni kilicho wazi atakikuta. Grupu halionekani huko.

Waliokuwa na akili zao enzi za Redio Tanzania wataikumbuka kadi ya salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaposti, halafu unakaa na redio siku kadhaa ukisubiri jina lako litajwe. Ilikuwa ni njia ya kuwaambia watu mia, kwa mpigo mmoja, kwamba bado upo hai na unawakumbuka. Kitabu cha wageni kinafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni moja tu, na matatizo karibu yote tunayoletewa dukani yanatokana nayo: kadi ile ilipitia mikononi mwa mtangazaji, akaisoma kwanza kabla ya kuitamka. Kitabu cha bure, ukikiacha kama kilivyo, hakisomwi na mtu. Kinachoandikwa ndicho kinachoonekana, muda huo huo.

Tuanze na hilo neno bure. Kampuni inayokupa kitabu inalipia seva na umeme, na hela inaipata kwenye matangazo yanayokaa juu na chini ya salamu zenu. Nyinyi hamyachagui. Msikiti mmoja uliwahi kutujia kwa hasira kwa sababu chini ya maneno "Ramadhani njema" palikuwa na tangazo la kubeti. Hatukuwa na dawa zaidi ya kukihamisha kitabu.

Halafu kitabu cha bure ni cha mwenye nyumba, si cha mpangaji. GeoCities, iliyoanza 1994 na kununuliwa na Yahoo 1999, ilikuwa mtaa mkubwa wa kurasa za bure, nyingi zikiwa na kitabu cha wageni mwishoni. Oktoba 2009 Yahoo ikaufunga. Wahifadhi wa kujitolea walikimbilia kunakili walichoweza, lakini ambaye hakuwa na nakala yake alitegemea bahati. Kwa hiyo kabla hujachagua kitabu, tafuta kitufe cha kupakua jumbe zote. Kama hakipo, tafuta kitabu kingine, hata kama hicho kina rangi nzuri.

Sasa takataka. Wiki chache baada ya kitabu kufunguliwa, utakuta jumbe za Kiingereza kibovu zinasifia tovuti yenu, na ndani yake kuna linki ya dawa au kasino. Watu hudhani ni binadamu mwenye husuda. Siyo. Ni programu, wenyewe huiita roboti, inayozunguka mtandaoni ikitafuta fomu yoyote iliyo wazi, na haina hata haja nyinyi mbonyeze linki ile. Inataka mitambo ya utafutaji ione tovuti yake imetajwa mahali pengi. Mwaka 2005 Google, Yahoo na MSN walianza kuitambua alama ya "nofollow", inayoiambia mitambo yao isiihesabu linki ya namna hiyo. Ilipunguza faida ya mchezo, haikuumaliza.

Na tuna takataka za kwetu pia, zilizoandikwa kwa Kiswahili safi kabisa: mganga anayerudisha mpenzi kwa siku tatu, mkopo wa haraka usio na dhamana, mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri. Hizi huandikwa na mtu, kwa mkono, kwa hiyo mtego wa roboti hauzizuii.

Kwa roboti dawa ya kawaida ni lile fumbo la kuchagua picha zenye taa za barabarani. Sisi hatulipendi. Mzee wa miaka sabini mwenye simu yenye kioo kilichopasuka atachagua picha mara nne, bando linaisha, atakata tamaa. Tunachofanya ni kuweka swali la nyumbani. Chama kimoja cha watu wa Pangani tuliwawekea: "Ukipanda kivuko pale mjini unavuka kwenda wapi?" Jibu tuliloweka ni Bweni. Siku ya kwanza watu wakaanza kupiga simu wakisema kitabu kinawakataa. Kumbe nusu yao walikuwa wanaandika "ng'ambo". Na hawakukosea! Ikabidi tukubali Bweni, bweni, ng'ambo, na ngambo bila ile alama ya juu. Vijana wa ughaibuni wasiojua jibu huwapigia wazazi wao kuuliza, jambo ambalo mwenyekiti wa chama alilifurahia kuliko kitabu chenyewe.

Kuna kitu kingine kidogo kinachosumbua sana nacho ni tarehe. Vitabu vingi vya bure vimewekwa kwa desturi ya Marekani, mwezi unatangulia siku. Ujumbe ulioandikwa tarehe 2 Machi unapigwa muhuri 03/02. Kuna bwana mmoja aliusoma kesho yake, akaona 3 Februari, akadhani ni wa zamani, akaupita. Ulikuwa unasema hitma ya shangazi yake ni Jumapili ijayo. Saa nazo ni hivyo hivyo: seva ikiwa inahesabu kwa saa za California, ujumbe wa Jumatatu saa mbili asubuhi hapa Tanga unasomeka umeandikwa Jumapili usiku. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua saa za Afrika Mashariki na kuandika mwezi kwa jina. Ni kazi ya dakika tano na hakuna anayeifanya. Nanyi mnaoandika, "kesho" na "Jumapili ijayo" viacheni. Andikeni siku, tarehe na mwezi, na kama ni saa, semeni asubuhi au usiku, maana mtoto aliyekulia London akisoma "saa mbili" tu anajua ni saa nane yetu.

Lakini lililotufundisha hasa ni msiba. Chama hicho hicho cha Pangani, kitabu kilipokuwa bado kinaonyesha kila kitu papo hapo, mtu mmoja wa ng'ambo aliandika tanzia ya mama mmoja. Hakuwa na nia mbaya. Alipata habari kwa simu, akaona awajulishe wengine. Mwanawe marehemu alikuwa ndani ya basi, anatoka Dar kuja kumuuguza. Ndugu zake walikuwa wamepanga asiambiwe mpaka afike, apokewe, akalishwe chini. Akafungua simu njiani, akaisoma pale. Siku ya tatu walikuja wazee wawili dukani kwetu. Hawakugomba. Walituuliza tu, kwa upole uliotuuma, kama hiki kitu kina mlango.

Kina mlango. Karibu kila kitabu cha bure kina sehemu ya kuchagua ujumbe usionekane mpaka uidhinishwe. Sisi tulikuwa hatujaiwasha kwa sababu tuliona itachelewesha watu. Tangu siku ile hatumkabidhi mteja kitabu bila kuiwasha, na hatukiwashi kitabu mpaka chama kitutajie nani atakaa mlangoni.

Pangani walimtaja bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Tulikuwa na wasiwasi, tukidhani inafaa kijana wa kompyuta. Tulikosea. Kijana angejua kubonyeza. Bibi anajua watu. Hufungua kitabu mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya isha. Mganga anafutwa. Tanzia haionekani mpaka apige simu kwa wafiwa. Mtu akiandika tu "nawasalimu wote", bibi anamjibu chini yake: "Karibu mwanangu. Wewe ni wa nani?" Hilo swali ndilo lililokifanya kitabu kiwe kitabu. Mtu anarudi kujibu, anataja baba, anataja babu, mwingine anadakia kwamba babu huyo alikuwa nahodha na jahazi lake analikumbuka. Vitabu tulivyovifunga kwa kukosa wachangiaji vyote vilikuwa na tabia moja: ukurasa mzima wa salamu, na hakuna hata mmoja aliyejibiwa.

Namba za simu bibi anazitoa zote. Mtu akiandika "nitafuteni kwa namba hii", anaihifadhi pembeni na kuwaunganisha wahusika mwenyewe. Wengine huona ni urasimu. Lakini wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao wanajua kusoma. Ukiandika hadharani kwamba uko Canada, mama yako anaumwa na namba yako ni hii, umemwandalia tapeli hadithi nzima. Kilichobaki ni yeye kupiga na kujiita daktari.

Hapo pia ndipo sheria inapoingia, na tutasema machache. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Kwa kitabu cha wageni maana yake ya kila siku ni nyepesi: usiulize usichokihitaji. Jina, mji ulipo na ujumbe vinatosha. Tumewahi kuletewa fomu inayotaka tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA, eti mtu apate kusalimia! Na mtu akiomba alichoandika kifutwe, kifuteni. Ikiwa ujumbe ni wa mtoto, aandike mzazi.

Basi ukija dukani, haya ndiyo tutakayofanya. Tutakutafutia kitabu cha bure chenye kitufe cha kupakua na chenye mlango, tutazima uwezo wa kubandika linki na HTML, yaani maandishi ya kuundia kurasa za tovuti, ndani ya ujumbe, maana huko ndiko vijana watundu hupenyeza vitu vya kuharibu ukurasa mzima. Tutaweka saa za kwetu na swali la kwenu, swali utalileta wewe. Tutakaa na mlinzi wa mlango, kwa simu yake mwenyewe, mpaka aidhinishe na kufuta bila kutuangalia usoni. Tunachokulipisha ni muda wetu, kwa kawaida nusu siku. Kitabu chenyewe hatukiuzi. Kama huna mtu wa mlangoni tutakwambia usubiri, na tumeshawarudisha wateja watatu kwa sababu hiyo.

Kila mwisho wa mwezi tunapakua jumbe zote na kumpa mwenye kitabu nakala kwenye flashi. Wanaotaka, tunawachapia kwa mwaka na kufunga kwa spairo. Pangani walichukua ya kwanza mwaka jana, kurasa sitini na moja. Bibi aliipitia yote akiwa amesimama kwenye kaunta, miwani puani, kisha akatuomba tuongeze kurasa kumi nyuma, tupu, zenye mistari tu. Alisema kuna wazee pale mjini wamesikia habari za kitabu na wanataka kusaini kwa mkono.