Mgonjwa wa saratani ya puru hamalizi safari kwenye meza ya upasuaji

Mhariri,

Taarifa yenu ya mwezi Machi kuhusu saratani ya utumbo mpana nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirishwa na aya ya mwisho, pale mwandishi wenu aliposema kwamba mgonjwa aliyewahiwa huondolewa uvimbe akarejea katika maisha yake ya kawaida. Mimi niliwahiwa. Nilikatwa puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, miaka minne iliyopita, nikatembea na mfuko wa kinyesi tumboni kwa miezi kadhaa, kisha utumbo ukarudishwa, nikaambiwa nimepona. Tangu siku hiyo hadi mwaka jana nilikuwa nikienda choo mara kumi na mbili kwa siku, na sikuandika neno kwa sababu mtu mzima wa Lamu haandiki gazetini habari za choo chake.

Puru ni ghala. Huhifadhi haja kubwa hadi mtu apate nafasi, na humjulisha kama kinachokuja ni upepo au ni choo. Ikishakatwa, utumbo uliounganishwa mahali pake hautanuki kama yenyewe, na misuli na mishipa ya fahamu ya pale huwa imeumia kwa kisu na, kwa sisi tuliochomwa mionzi, kwa mionzi pia. Ndipo mtu huenda, akatawadha, akatoka, na kabla ya saa kwisha amerudi tena mara tatu.

Mwaka juzi nilikuwa natoka kliniki kwa basi la Mokowe. Tulikuwa tumekwisha kupita Garsen, kipande ambacho magari hayasimami ovyo kwa sababu za usalama, haja ikanibana. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu usiku, kwani kukaa na njaa ndiyo iliyokuwa hila yangu ya safari. Nilimwomba kondakta kwa sauti ya chini, akanijibu kwa sauti ya juu, "Mzee, subiri kituo cha mbele." Nilishika chuma cha kiti kilichokuwa mbele yangu kwa mikono miwili, nikawa nahesabu miti, na kabla ya kituo hicho mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Binti aliyeketi kando yangu alijiziba pua kwa mtandio akageukia dirishani bila kusema neno, na adabu yake ile iliniumiza kuliko tusi. Tulipofika, choo kilikuwa na kufuli na mwenye ufunguo hakujulikana alipo, nami nikabadili kikoi nyuma ya ukuta kama mtoto. Hayo niliyaeleza kliniki niliporudi, nikaambiwa nishukuru kwamba niko hai. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha: niliuliza, kila miezi mitatu niliuliza, na kila mara nilionyeshwa karatasi ya vipimo isiyo na saratani. Safu yangu msikitini niliiacha. Hukumu ya mwenye udhuru naijua, wala si sharia iliyonizuia. Ni hofu ya kumkera aliye begani mwangu.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba ya viungo wa Malindi, mwanamke, ambaye kazi yake kubwa ni kuwafundisha mazoezi ya misuli kina mama waliochanika wakati wa kujifungua. Aliniuliza maswali matano yaliyotungwa na madaktari wa Denmark na kutangazwa mwaka 2012: je, upepo hukutoka bila hiari, je, choo chepesi huvuja, huenda mara ngapi, hurudi tena ndani ya saa moja, na je, hulazimika kukimbia? Alama hufika 42, na kuanzia 30 hali huhesabiwa kuwa kali. Mimi nilipata 41, na ilinichukua miaka mitatu kuulizwa.

Hakunipasua. Alinifundisha kukaza misuli ya nyonga kama anayezuia upepo, kuhesabu, kisha kuilegeza kwa muda uleule. Kutokimbia haja inapoita, bali kukaa, kukaza na kungoja ipoe. Kwenda choo baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo wenyewe huamka. Na kunywa loperamidi, dawa ya kupunguza kasi ya utumbo, kwa kipimo cha daktari. Baadaye alinionyesha kuusafisha utumbo kwa maji ya vuguvugu kupitia mpira maalumu, jambo ambalo mtu asilijaribu bila mwalimu kwa kuwa utumbo unaweza kutoboka. Baada ya miezi minane alama zangu zilikuwa 27, nami naenda choo mara tatu kwa siku.

Kwa hivyo naomba maswali hayo matano yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, yabandikwe juu ya mzani wa kila kliniki ya upasuaji Pwani, na mgonjwa asiruhusiwe kushuka mzanini kabla ya kuyajibu. Naomba mtaalamu mmoja wa misuli ya nyonga aletwe Lamu kila Alhamisi, asubuhi kwa wanawake na alasiri kwa wanaume, kwa kuwa wanaume hatutaingia chumba chenye picha za wajawazito. Na ufunguo wa choo cha kituo uning'inizwe mlangoni kwa kamba.

Mwandishi wenu akitaka kuandika sehemu iliyobaki ya habari yake, anikute barazani baada ya Alasiri.

Mzee wa Mkomani (jina limehifadhiwa),
Lamu